Mchanga Nilioonja Njia ya Chwaka

Kwanza kabisa, sina mimba.

Nimeanza na hilo kwa sababu tangu nirudi Jumapili mlango wangu haujapumzika. Huyu kaja na uji wa pilipili manga, yule kaja na nepi za kitambaa, na Bi Fatma wa ghorofa ya pili kaniletea kitanda cha mtoto ambacho wajukuu zake walishakivunja mguu mmoja. Nawashukuru nyote, wallahi. Uji nimekunywa. Kitanda njooni mkichukue. Na kwa kuwa nshachoka kueleza mmoja mmoja pale ngazini, nimeona niandike safari nzima, kituo kwa kituo, mkae msome, mcheke mnavyotaka, kisha mniache nipumzike.

Kwa wale ambao hawajui nafanya nini nikitoka asubuhi: kampuni yetu ni ya nakshi za chokaa. Yale maua na minyororo iliyochongwa kwenye lipu ya kuta za nyumba za kale, na vile vidaka vya ukutani walivyokuwa wakipangia vyombo vya kaure, sisi ndio tunaovitengeneza vikiharibika. Mwenye kampuni ni Fundi Nassor, mtu wa miaka sitini na kitu, jicho kali, goti bovu. Petro ni seremala wetu na dereva wetu. Babu yake alikuja kutoka bara, lakini yeye kazaliwa Kikwajuni na kwa maneno ananishinda mimi. Anayechonga ni Fundi Othman. Na mimi, kwa miaka kumi na sita, ni mkorogaji. Nachekecha mchanga, nakoroga chokaa, nalowesha magunia, nasafisha alichochonga mwengine.

Sasa, kulikuwa na siku za maonesho ya majengo ya kale, na kampuni ikaalikwa ioneshe kazi mahali patatu: nyumba moja Mji Mkongwe, hamamu la kale, lile jengo la kuogea, njia ya Kizimbani, na mwisho nyumba ya zamani Chwaka. Huko Chwaka tulitakiwa tuchonge ukuta mzima wa ukumbi, wageni wakija Jumamosi waukute umekwisha. Wiki moja kabla, Fundi Nassor akaniita.

"Raya," akanambia, "ukuta wa Chwaka wako. Ukitoka sawa, wewe fundi, na vyumba vilivyobaki vya nyumba ile utachonga wewe. Ukiharibika, utarudi kwenye chekecheke na sitaki kusikia neno tena."

Nikamjibu naam, kwa adabu zote. Nilipofika nyumbani nikacheka, nikalia, nikaunguza wali. Mume wangu Khamis aliula hivyo hivyo na akasema una ladha ya ufundi.

Mji Mkongwe, Jumatatu na Jumanne

Mtu anaweza kukizunguka kisiwa hiki kwa siku moja na akarudi kula kwake. Sisi ilituchukua siku saba, na siku tuliyochelewa kuliko zote ni ile ya kwanza, tuliyokwenda umbali wa kutembea kwa mguu.

Kibao chetu cha mfano, lipu iliyochongwa juu ya fremu ya mbao, kina uzito wa mbuzi wawili walioshiba. Pikapu haiingii vichochoroni, kwa hiyo tukakipandisha kwenye gari la hamali: Petro mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma, Fundi Nassor pembeni anatoa amri. Tumefika katikati ya kichochoro, mbele yetu kikatokea kitanda. Kitanda cha samadari, kipya, kinapelekwa kwa bi harusi, kimebebwa na wanaume wanne.

"Rudini nyuma," akasema wa mbele.

"Rudini nyinyi," akajibu Petro. "Sie tuna chokaa."

"Na sie tuna bi harusi anangoja."

"Bi harusi hapasuki, yakhe. Chokaa inapasuka."

Tukasimama pale nusu saa nzima, hakuna anayerudi. Bibi mmoja wa dirishani, aliyekuwa akiifuatilia kesi tangu mwanzo, akatuletea kahawa na kashata ili tugombane kwa starehe. Ni yeye pia aliyetoa hukumu. Mlango wa nyumba tunayokwenda ulikuwa nyuma ya kitanda hatua ishirini tu. Basi kibao kipande juu ya kitanda, kitanda kirudi hatua ishirini, kibao kishuke, kila mtu ashike njia yake. Tukafanya hivyo. Kibao kimefunikwa kanga, kimelala juu ya samadari, wanaume wanne wanakibeba kwa uangalifu. Akina mama wawili waliokiona kwa mbali wakapiga vigelegele, na mmoja akauliza keki hiyo ina ghorofa ngapi.

Siku mbili tulikaa pale, watu wanaingia, wanagusa, wanauliza. Bwana mmoja aliyevaa vizuri, kanzu na koti, alinitazama akamuuliza Fundi Nassor, "Na huyu bibi naye anachonga?"

"Anakoroga," akajibu Fundi Nassor.

Hakukosea. Bado ilikuwa hivyo, na ndiyo maana iliniuma. Niliendelea kulowesha magunia yangu na Jumanne hiyo sikumsemesha mpaka alasiri.

Hamamu la Kizimbani, Jumatano

Ukitoka mjini kuelekea Kizimbani hewa inabadilika, maana karafuu zimeanikwa kila uwanja, na nyengine barabarani, na Petro alilazimika kuendesha kama anayepita baina ya watu waliolala. Hamamu lenyewe ni la zamani za masultani. Ndani kuna maua ya chokaa ambayo Fundi Nassor kila akiyaona huvua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kuwaonesha watu jinsi chokaa inavyokorogwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, maana ndilo lililoniletea kitanda cha Bi Fatma. Mchanga ukiwa na chumvi, lipu ya chokaa haidumu. Huota unga mweupe, kisha humomonyoka. Na mchanga wenye chumvi na usio na chumvi kwa macho ni kitu kimoja. Njia ya kuujua ni ulimi. Unachota kidogo, unaonja, unatema. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita na wala sifikirii tena, kama nyinyi mnavyoonja mchuzi.

Basi pale kulikuwa na mafungu mawili ya mchanga tuliyoletewa na watu wa hapo. Nikapiga magoti, nikaonja la kwanza. Chumvi. Nikatema. Nikaonja la pili. Safi. Nikaonja tena kwa kuhakikisha, nikafumba macho, maana ulimi husikia vizuri macho yakifumbwa, na nikasema kwa sauti, "Aa, huu mtamu."

Kulikuwa na wanawake sita juu ya mkeka wanachambua karafuu. Wote walinyamaza. Mkubwa wao, Bi Mwanajuma, akamwita Petro.

"Mwenzenu yule hula mchanga siku zote?"

"Siku zote, Bi," akasema Petro. "Hasa asubuhi. Bila ya mchanga kwake hakuna kazi."

Hakusema uongo hata neno moja. Lakini mnajua wenyewe nani hula udongo na mchanga huku kwetu na akafumba macho kwa utamu. Mimi sikuyasikia mazungumzo yale, nilikuwa naokota chekecheke. Nilichokiona ni Bi Mwanajuma anakuja na kiti. Kisha ikaja embe mbichi iliyokatwa, na chumvi, na pilipili ya kusaga. Kisha ukaja ukwaju. Mwanamke mmoja akaninyang'anya mwiko mkononi akampa Petro, akasema wanaume wana nguvu, wakoroge wao.

"Kula, mwanangu," akaninong'oneza Bi Mwanajuma. "Na juani usisimame."

Nikala embe nzima. Nikasema moyoni, watu wa huku wana heshima na mafundi, si kama mjini. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile, na Petro alikoroga huku ananitazama kwa jicho la pembeni.

Tunafunga vitu vyetu, simu ya Fundi Nassor ikalia. Lori lililochukua vifaa vya waalikwa wote wa maonesho lilikuwa limeshusha mapipa yetu matatu ya chokaa, yaliyotakiwa yawe Chwaka, huko Matemwe.

Matemwe, Alkhamisi asubuhi

Mtasema, si mngenunua chokaa nyengine? La. Chokaa ya kuchonga hulazwa kwenye maji kwanza, miezi, mpaka inakuwa laini kama siagi. Yetu ilikuwa imelala miezi minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifunua na kuifunika. Bila ya mapipa yale hakuna ukuta, na bila ya ukuta mimi na chekecheke mpaka kaburini.

Mapipa tuliyakuta penye nyumba ya wageni inayojengwa karibu na pwani. Mawili yalikuwa yamefungwa. La tatu lilikuwa wazi na tupu, na mbele yetu vikasimama vyoo viwili vya wafanyakazi, vyeupe pe.

"Tulidhani zawadi," akasema msimamizi wao.

Fundi Nassor akaingia ndani ya choo cha kwanza, akakaa humo muda. Alipotoka alisema tu, "Wamepaka vizuri." Nawaambieni, Unguja nzima hakuna choo chenye chokaa bora kuliko kile. Tukapiga hesabu ya mapipa mawili, tukaona yanatosha ukuta mmoja, ila hakuna cha kukosea.

Petro na vijana wa pale wanapakia, mimi nimesimama kivulini, nikaona wanawake wanapanda kutoka pwani, wametoka kwenye mwani, kanga zimerowa mpaka magotini. Mmoja akanijia moja kwa moja.

"We ndo Raya wa chokaa?"

"Ndiye mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Mize. Dada yangu Mwanajuma wa Kizimbani kanipigia simu jana. Kaa chini, kaa, usisimame."

Wakanikalisha. Ikaja sahani ya muhogo na pweza wa nazi, ya moto, yenye harufu ya kumfufua mtu. Nimeinua tonge la kwanza, Bi Mize akaweka mkono wake juu ya tumbo langu, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akushushe salama, wewe na kilichomo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kiti, embe, ukwaju, mwiko niliopokonywa. Nilifungua mdomo niseme siyo, Bi, mmekosea. Mkono wake ulikuwa bado pale. Miaka kumi na miwili nimeolewa, na hakuna aliyewahi kuniwekea mkono pale kwa dua ya namna ile. Waliniwekea madaktari tu. Nikasema, "Amin." Anayetaka kunihukumu na anihukumu.

Sikupata hata nafasi ya kumeza, Khamis akapiga simu. Huyu Bi Mize ana mpwa wake hapa kwetu Michenzani, na mengine mnayajua nyinyi kuliko mimi.

"Raya, kuna jambo hujanambia?"

"Jambo gani?"

"Watu wawili washanipa mkono hapa dukani. Mmoja kanikumbatia. Kweli?"

Neno hilo alilitamka kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu ile miaka tuliyokuwa tukienda hospitali kila mwezi. Niliumia, jamani. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa maneno ya mtu yeyote.

"Si kweli, Khamis," nikamwambia. "Nilionja mchanga wa lipu, wakaniona, wakadhani natamani."

Khamis ni fundi wa mafeni. Nikasikia feni moja inazunguka dukani kwake, inagonga mahali. Kisha akasema, "Mchanga wenyewe mzuri?"

"Fungu moja lina chumvi."

"Basi hilo liache," akasema. "Kachonge ukuta wako. Hawa wa hapa niachie mimi."

Pweza nilimla huku natokwa na machozi. Msimamizi wa vyoo alidhani ni pilipili, akaniletea maji.

Matemwe mpaka Chwaka, Alkhamisi hiyo hiyo

Njia ya pwani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa, kisha Chwaka. Si mbali. Lakini Petro, kwa kuogopa mapipa, alikuwa akipitwa na baiskeli. Pongwe tukapata pancha, na gurudumu la akiba lilikuwa chini ya mapipa, kwa hiyo tukashusha mapipa, tukatoa gurudumu, tukapandisha mapipa. Wakati wote huo nilimsema Petro kwa ule ulimi wake. Naye akajitetea kwamba aliulizwa swali, akajibu, na angejibu nini?

"Ungesema ni kazi!"

"Si nilisema kazi? Nilisema bila ya mchanga hakuna kazi!"

Fundi Nassor alicheka mpaka akashika goti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka safari nzima, nami nikashindwa kuendelea kukasirika.

Tukaingia Chwaka alasiri. Mwenye nyumba, Bi Zainab, alikuwa kwenye harusi Uroa, lakini alituachia ufunguo kwa jirani. Tukapiga lipu ya mwisho kabla ya magharibi, sote watatu, ukuta mzima. Lipu ya kuchongwa ndivyo ilivyo: ukiipiga jioni, asubuhi imeshika lakini bado inakubali kisu. Una tangu saa moja asubuhi mpaka adhuhuri tu. Baada ya hapo unachonga jiwe.

Chwaka, Ijumaa

Saa moja nimeshafunga kanga kiunoni, visu vyangu mfukoni, mguu mmoja ngazini. Mlango ukafunguka, akaingia Bi Zainab na wenzake wanne, na chapati, na bakuli la supu. Mwanamke mfupi, kama miaka sabini, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Shuka."

"Ndo kwanza napanda, Bi."

"Ndiyo maana nakwambia shuka. Habari zako nimezipata harusini. Mja mzito hapandi ngazi nyumbani kwangu. Ukianguka n'tamwambia nini mumeo?"

"Bi Zainab, mie si mja mzito."

Akatabasamu, akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Hivyo hivyo hukanushwa. Mimi mwenyewe, mimba sita, kila mara mpaka mwezi wa tano nlikuwa nasema nimeshiba."

Wakacheka wote, wakanitazama kwa huruma. Mnaona mtego wenyewe. Huku kwetu mimba changa hufichwa, watu wanaogopa jicho, kwa hiyo mwenye nayo husema hana. Na asiyenayo je, aseme nini? Kila nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuamini. Petro akaingilia kunisaidia.

"Kweli, Bi Zainab, huonja mchanga kwa kazi tu."

"Wewe si ndiye uliyesema anaula kila asubuhi?"

Petro akarudi kwenye mbao zake. Fundi Nassor akautazama ukuta, akaugusa kwa kidole, akatazama jua mlangoni. Goti lake halipandi ngazi, kila mtu anajua. Akatoa simu.

"Raya, nimwite Othman? Akitoka mjini sasa hivi saa tatu yupo hapa."

Nikaondoa mguu ngazini. Si kwamba Fundi Othman mtu mbaya, ni mtu mzuri sana. Lakini ukuta ule nilikuwa nimeuchonga kichwani kila siku tangu nilipoambiwa ni wangu. Najua kila ua liko wapi. Na sasa utachongwa na mwengine, na mimi nitashika ndoo chini, kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo. Nilihisi hasira mpaka masikio yakawa moto.

"Nipe robo saa, Fundi," nikasema.

Nikatoka nje, nikarudi na sahani mbili. Moja nimetia mchanga wetu, nyengine nimetia wa pwani. Nikaziweka mbele ya Bi Zainab, juu ya meza, pembeni ya chapati zake.

"Onja, Bi."

"Mimi?" Akashika kifua. "Nna wajukuu kumi na wawili, nile mchanga kwa mimba ya nani?"

"Onja kidogo, uteme. Kisha unambie upi unaufaa ukuta wako."

Alikuwa mbishi, lakini ukuta ni wake. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole. Akaonja wa kwanza, akakunja uso, akatema. Akaonja wa pili, akatulia. Akaurudia wa kwanza.

"Huu una chumvi."

"Ukutani huo hautakaa."

Akawapa wenzake. Nawaapieni, wanawake watano wa Chwaka, watu wazima, wamesimama mezani wanaonja mchanga na kutema kwenye kanga, wanabishana: huu, hapana huu, hebu lete tena. Petro aligeukia ukutani ili asionekane anacheka. Fundi Nassor simu bado mkononi.

Bi Zainab akafuta mdomo, akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Mchanga nimeufahamu. Wewe bado. Mtu anaweza kuonja kwa kazi na akawa nayo."

Hilo sikulitegemea. Na sikuwa na sahani ya tatu.

"Bi Zainab," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "nimeolewa miaka kumi na miwili. Nimekunywa dawa za hospitali na za mitishamba. Siku nitakayokuwa nayo, sitamficha mtu. Nitapanda juu ya paa hili hili niwatangazie Chwaka nzima. Leo sina. Leo nna ukuta huu tu, na unakauka."

Sijawahi kuyasema yale mbele ya watu, hata mbele yenu nyinyi mnaonijua, na Petro niliyefanya naye kazi miaka yote ile alinitazama kama mtu mgeni. Niliogopa kitu kimoja, kwamba watanihurumia, waanze pole, pole, mpaka adhuhuri.

Bi Zainab hakusema pole. Akavua viatu, akaja mpaka penye ngazi, akaishika kwa mikono miwili.

"Panda," akasema. "Mimi nashika."

Nikapanda. Nilianza na mnyororo wa pembeni, kisha maua ya waridi, manane, juu ya vidaka. Kisu kilikuwa kinaingia vizuri, lipu inatoka kwa vipande vidogo, nasikia Bi Zainab chini anakohoa vumbi na haondoki. Kwenye ua la tatu nilikata kwa kina, jani moja likaanguka zima. Nilitaka kulia. Nikaacha. Nikalichonga upya ua lile kwa majani matano badala ya sita, kisha nikamfuata mwenzake wa upande wa pili nikamtoa jani moja, wafanane. Adhana ya adhuhuri inaanza, nilikuwa nafuta vumbi kwenye kidaka cha mwisho.

Fundi Nassor hakuutazama. "Lipu hukaguliwa ikikauka," akasema, akaenda zake kusali Ijumaa.

Chwaka, Jumamosi

Asubuhi aliingia peke yake, kanzu yake ya Idi, kofia mpya. Nikamchungulia mlangoni. Aliupitia ukuta mzima kwa dole gumba, mfereji kwa mfereji, mpaka alikoweza kufika. Pale penye ua la majani matano alisimama sana. Kisha akatoka, akanipita, hakusema kitu.

Mjue kwamba Fundi Nassor kazi ikimpendeza husema, na isipompendeza husema zaidi. Kunyamaza kwake sikujua maana yake. Nikasema basi, imekwisha, Raya.

Wageni wakaja, wengi, ukumbi ukajaa. Bi Zainab alisimama mbele ya ukuta akawaeleza habari za mchanga kama aliyeanza kazi hiyo tangu zamani, na akamlazimisha bwana mmoja mkubwa aonje. Mimi nilikaa nyuma, karibu na jagi za maji ya ndimu, siwezi hata kunywa. Kisha mmoja wa wenye shughuli akatangaza kwamba sasa tutakwenda uani tuoneshwe namna chokaa inavyokorogwa. Hiyo ni kazi yangu. Nikafunga kanga kiunoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma kabla ya wageni, nikatafute chekecheke.

Chekecheke ilikuwa na mtu. Fundi Nassor ameikunja kanzu yake ya Idi mpaka magotini, goti bovu limenyooshwa pembeni, amekaa juu ya ndoo, anachekecha. Kofia mpya imejaa vumbi. Wageni wakaanza kuingia uani, wakamzunguka, wanapiga picha.

"Fundi!" akaita.

Nikageuka nyuma kuangalia kama Othman amefika. Hakuna mtu.

"Fundi Raya, nakuita wewe. Njoo utazame, huu umelainika?"

Nikaenda. Nikachota kidogo, nikausugua baina ya vidole mbele ya watu wote wale. Nikamwambia bado, achekeche tena.